Kufunga Diski kwa Nguvu ya Prosesa: Mwongozo Kamili kwa Laptopu za Mtumba

Maswali ninayoletewa kuhusu kusimba diski, yaani kuifunga kwa ufunguo ili asiye nao asiweze kuisoma, yanafanana. Mtu kafunga diski ya laptopu yake, mashine ikawa nzito, kunakili picha kukawa kazi ya kutwa, basi kazima kila kitu na kurudi kwenye diski iliyo wazi. Au kafunga vizuri tu, kisha siku moja mashine ikamdai ufunguo wa tarakimu 48 asiojua aliuweka wapi. Yote mawili yanazuilika. Chanzo chake ni kwamba watu hubonyeza kitufe cha kufunga kabla ya kuuliza kama prosesa na mfumo endeshi vinaelewana.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Nyumba ya wageni Mji Mkongwe inahifadhi nakala za pasipoti. Zahanati ya Chake Chake ina majina ya wagonjwa na maradhi yao. Skuli ina taarifa za watoto wa watu. Laptopu hizo hupanda boti kati ya Unguja na Pemba, huachwa kwenye kiti cha daladala, hupelekwa kwa fundi zikiwa na kila kitu ndani. Akiipata mtu mwingine, nywila ya Windows peke yake haimzuii: anaichomoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya kwanza, ya pili wala ya tatu, kwani hapo ndipo wengi wanapokosea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu yenyewe, chaja yake, na betri inayodumu na chaji angalau nusu saa. Betri ikiwa imekufa, tafuta UPS.
- Diski ya nje au flashi kubwa ya kutosha kubeba nakala ya mafaili yako yote.
- Flashi nyingine ndogo kwa ajili ya ufunguo wa akiba. Isiwe ileile ya mafaili.
- Flashi yenye Ubuntu (aina ya Linux) ya kuwashia mashine bila kusakinisha, GB 8 inatosha. Hii ni kwa kupima, hata kama unatumia Windows.
- Karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi.
- Uniti za umeme za TUKUZA za kutosha na saa kadhaa zisizo na haraka. Diski ya sahani (ile yenye sahani zinazozunguka ndani) ya GB 500 haifungwi ndani ya nusu saa.

Nakala ya mafaili uichukue sasa, kabla ya kusoma hatua ya kwanza. Fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye nakala uone kama yanafunguka kweli. Kama huna pa kuweka nakala, usiendelee leo.

## Hatua ya 1: Jua kama prosesa yako ina maagizo ya AES

Programu karibu zote za kufunga diski hutumia AES, kanuni ya hesabu ya kusimba data. Hesabu zake zinaweza kufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza, programu inazivunja vipande vidogo na prosesa inazifanya moja moja kwa maagizo ya kawaida. Ya pili, prosesa ina maagizo maalumu yaliyochongwa ndani ya chipu yenyewe, na duru nzima ya AES inafanyika kwa agizo moja. Tofauti yake ni ya kutwanga kwa kinu na kusagia mashineni. Intel huyaita AES-NI, na AMD hutumia maagizo hayohayo.

Kasi si faida pekee. Usimbaji wa programu tupu mara nyingi husoma majedwali kutoka kwenye kumbukumbu, na muda wa kusoma huko unaweza kuifichulia programu nyingine sehemu ya ufunguo. Maagizo ya ndani ya chipu hayatumii majedwali hayo, kwa hiyo mwanya huo haupo.

Kwenye Linux, au kwenye Ubuntu ya flashi, fungua terminali uandike:

`grep -m1 -o -w aes /proc/cpuinfo`

Ukiona neno `aes`, maagizo yapo na mfumo umeyaona. Ukirudishiwa mstari mtupu, ama prosesa haina, ama BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, imeyazima.

Kwenye Windows, pakua Coreinfo kutoka mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `coreinfo -f`, tafuta mstari wa AES. Nyota maana yake yapo, kistari maana yake hayapo.

Usikisie kwa kutazama stika. Core 2 Duo hazina kabisa. Core i3 za kizazi cha pili na cha tatu, ambazo bado ni nyingi mitaani, hazina, wakati i5 za vizazi hivyohivyo kwa kawaida zinayo. Ryzen za AMD zinayo zote. Celeron na Pentium zinatofautiana mno, pima tu.

Na kama bado hujanunua, nenda Darajani na flashi yako ya Ubuntu mfukoni. Mwombe muuzaji akuruhusu kuiwasha mashine kwa flashi hiyo, andika ule mstari mmoja, uone jawabu kabla hujatoa pesa. Laptopu mbili za bei moja, moja i3 na nyingine i5, kwa kazi hii si sawa hata kidogo.

Umefanikiwa ukiwa na: neno `aes` au nyota kwenye skrini.

## Hatua ya 2: Angalia BIOS

Hii ni fupi. Kuna BIOS zenye swichi ya kuzima AES-NI, na mashine ya mtumba imepitia mikono mingi. Kama prosesa ilipaswa kuwa na maagizo hayo lakini hatua ya 1 imerudi tupu, zima mashine, iwashe ukibonyeza F2, F10 au Delete kutegemea aina yake, ingia sehemu ya prosesa, utafute maneno AES-NI. Yawashe, hifadhi, toka, kisha rudia hatua ya 1.

Ukiwa humohumo, angalia kama TPM, chipu inayotunza funguo, imewashwa. Utaihitaji kwa BitLocker, kifungio cha diski cha Windows.

Tahadhari: mashine nyingi hazionyeshi swichi ya AES-NI na hilo si tatizo, maagizo huwa yamewashwa tayari. Kusasisha BIOS kuwe jambo la mwisho kujaribu, na usilifanye siku ambayo umeme unakuja na kuondoka. Ukikatika katikati ya kusasisha, unaweza kubaki na mashine isiyowaka tena.

## Hatua ya 3: Hakikisha mfumo endeshi unayatumia

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu. Prosesa kuwa na maagizo ni jambo moja, mfumo endeshi kuyatumia ni jambo jingine. Nimeona seva ambayo prosesa yake ni nzuri kabisa, ila ilikuwa inaendeshwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya programu tu, ndani ya kompyuta nyingine) na mashine pepe hiyo ilikuwa inaficha sifa za chipu. Mfumo wa ndani haukujua kama AES ipo, ukawa unatwanga kwa mkono.

Linux. Uliza kwanza kiini cha mfumo kinatumia nini:

`grep -E 'aesni|vaes' /proc/crypto`

Unatafuta mistari kama `driver : xts-aes-aesni`. Majina hubadilika kidogo kwenye matoleo mapya, cha muhimu ni `aesni` au `vaes` kuwemo. Ikiwa hakuna kitu, andika `sudo modprobe aesni_intel` kisha uulize tena.

Halafu pima:

`cryptsetup benchmark`

Amri hii hupima ndani ya kumbukumbu tu. Haigusi diski wala haiharibu faili lolote. Mistari ya juu inahusu ugumu wa kubahatisha nywila, iache. Shuka hadi kwenye jedwali, na utazame mistari miwili: `aes-xts` yenye 512b, na `serpent-xts` yenye 512b.

Kwa nini hiyo miwili? Serpent, kanuni nyingine ya kusimba, haina maagizo yake ndani ya prosesa, inahesabiwa kwa programu tu. Kwa hiyo inakuwa kipimo kilichokaa pembeni. Maagizo ya AES yakifanya kazi, `aes-xts` itaiacha `serpent-xts` mara kadhaa. Kwenye i5 ya umri wa kati, `aes-xts` hupita MiB 1000 (MiB ni karibu sawa na MB) kwa sekunde bila taabu. Zikikaribiana, zote zikiwa kwenye mamia machache, basi AES yako inahesabiwa kwa programu hata kama hatua ya 1 ilikuambia vingine.

Sasa linganisha na diski. SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani) ya SATA haiwezi kuzidi takriban MB 550 kwa sekunde. Diski ya sahani ya laptopu hucheza karibu na MB 100. Prosesa inayosimba MiB 1000 na zaidi inaisubiri diski, haiicheleweshi. Hii ina maana ambayo wengi hawapendi kuisikia: kama maagizo ya AES yanafanya kazi na mashine bado ni nzito, mkosaji si usimbaji. Ni diski ya sahani iliyochoka, au RAM ya GB 4 iliyolemewa. Kuufungua usimbaji hakutaiponya.

Anayetaka ushahidi wa macho, aandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

`openssl speed -elapsed -evp aes-256-ctr`

`OPENSSL_ia32cap="~0x200000200000000" openssl speed -elapsed -evp aes-256-ctr`

Ya pili inaificha AES-NI kwa jaribio hilo moja tu, haibadilishi chochote kwenye mashine. Linganisha safu ya mwisho kulia. Zikiwa mbali mbali, maagizo yanafanya kazi. Zikiwa sawa, hayakuwa yakitumika tangu mwanzo.

Windows. Hakuna swichi ya kuwasha. BitLocker ikiyakuta maagizo kwenye prosesa inayatumia yenyewe. Kwa watumiaji wa VeraCrypt, programu nyingine ya kufunga diski, fungua kipimo chake kwenye menyu ya Tools, Benchmark. Chini kuna maelezo ya AES kuharakishwa na maunzi, yasomeke Yes. Kama yanasoma No na hatua ya 1 ilikuwa sawa, ingia kwenye mipangilio ya utendaji uhakikishe kisanduku cha kutumia maagizo ya AES ya prosesa kimetiwa alama.

FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, kwa wachache wenye seva: andika `kldload aesni`, na ili ibaki baada ya kuwasha upya tia `aesni_load="YES"` ndani ya `/boot/loader.conf`. Ukitumia GELI, kifungio cha diski cha FreeBSD, `geli list` itakuambia kwenye mstari wa Crypto kama kazi inaharakishwa.

Mashine pepe. Kwenye KVM, programu ya mashine pepe ya Linux, chagua aina ya prosesa inayopitisha sifa za mwenyeji kama zilivyo, yaani `host-passthrough`. Kisha rudia hatua ya 1 ukiwa ndani ya mashine pepe, si nje.

Umefanikiwa ukiwa na: AES inayoiacha Serpent mbali, au Yes ya VeraCrypt.

## Hatua ya 4: Nywila itakayoandikika asubuhi

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingi niliyosoma, na watu wetu wanaumia nayo. Laptopu za mtumba kutoka Ulaya huja na kibodi za huko. Ya Kijerumani imebadilishana Z na Y. Ya Kifaransa imehamisha A, Q, Z, W na M, na tarakimu za juu hupatikana kwa kushikilia Shift.

Unapotunga nywila uko ndani ya mfumo na mpangilio wa kibodi unaoujua. Lakini unapowasha mashine, skrini inayodai nywila huja kabla ya mfumo kupakiwa, na mara nyingi hiyo hutumia mpangilio wa Kimarekani. Ukiwa na kibodi ya Kijerumani umeandika `zanzibar`, ile skrini inasoma `yanyibar`. Unaandika mara kumi, inakataa mara kumi, na herufi zimefichwa kwa nyota huoni kosa liko wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, weka mpangilio wa kibodi uwe wa Kimarekani, fungua faili tupu, uandike nywila yako uione kwa macho. Epuka z, y, q, w, a, m na alama za vituo kama kibodi yako si ya Kiingereza. Maneno matano au sita ya Kiswahili yasiyohusiana yanatosha na yanakumbukika, mradi si methali, si aya, si mstari wa wimbo wa taarab. Vitu hivyo wengine pia wanavikumbuka.

## Hatua ya 5: Kufunga kwenye Windows

Anza kwa kuuliza hali ilivyo. Dirisha la amri kama msimamizi:

`manage-bde -status C:`

Usishangae ukikuta diski imeshafungwa. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, ikisakinishwa upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, huwasha usimbaji yenyewe, na ufunguo wa kurejesha huwekwa kwenye akaunti hiyo. Tatizo huja pale fundi aliposakinisha kwa akaunti yake mwenyewe: ufunguo wa diski yako uko kwake. Kama ndivyo, ruka uende hatua ya 7 sasa hivi, kisha urudi.

Kama diski iko wazi na una Windows Pro, fungua Control Panel, BitLocker Drive Encryption, uiwashe kwa C. Itakuuliza maswali machache:

Ufunguo wa kurejesha uuhifadhi wapi: chagua faili, uweke kwenye ile flashi ndogo, kisha uchapishe au uunakili kwenye karatasi.

Ufunge sehemu iliyotumika tu au diski nzima: kwenye mashine ya mtumba chagua nzima. Sehemu inayoonekana tupu bado ina mafaili yaliyofutwa, yako na ya aliyekuwa nayo kabla yako, na hayo hubaki yakisomeka ukifunga iliyotumika tu.

Aina ya usimbaji: chagua mpya, ambayo ni XTS-AES. Kwa kawaida itakuwa ya biti 128, na hiyo inatosha. Ya 256 ina duru 14 badala ya 10, kwa hiyo ni nzito kidogo. Mwenye AES-NI anaweza kuichagua bila kuona tofauti.

Ruhusu jaribio la mfumo, washa upya, acha ifanye kazi. Umeme ukikatika na betri ikaisha, BitLocker itaendelea ilipoishia ukiwasha tena. Hata hivyo usiifanyie makusudi.

Ikimaliza, andika tena `manage-bde -status C:` na usome mstari wa njia ya usimbaji. Unataka kuona XTS-AES. Ukiona maneno Hardware Encryption, simama. Hiyo haina maana ya prosesa. Maana yake Windows imeikabidhi SSD kazi ya kujifunga yenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya SSD zenye usimbaji wa ndani zinafunguka bila nywila, na mwaka uliofuata Microsoft ikaifanya BitLocker isiziamini tena kwa kawaida. Diski iliyofungwa kwa mtindo huo kabla ya hapo hubaki hivyo hadi uifungue na kuifunga upya. Basi ifungue, ifunge upya, upate XTS-AES.

Jambo la ziada kwa wenye siri za watu wengine: BitLocker ya TPM peke yake hujifungua yenyewe mashine ikiwashwa, na ulinzi unaobaki ni nywila ya kuingilia Windows. Kupitia `gpedit.msc` unaweza kuruhusu uthibitisho wa ziada wakati wa kuwasha, kisha:

`manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN`

Zahanati na ofisi za mahesabu, fanyeni hivi.

Windows Home haina BitLocker kamili. Tafuta kwenye mipangilio kama mashine yako ina usimbaji wa kifaa. Isipokuwa nao, tumia VeraCrypt, na usiruke diski yake ya uokoaji pale inapokutaka uitengeneze.

## Hatua ya 6: Kufunga kwenye Linux

Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa mashine hizo Linux ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita.

Kwa diski ya mfumo mzima, njia safi ni kusakinisha upya na kuchagua usimbaji kwenye kisakinishi. Ubuntu, Debian na Fedora zote zina chaguo hilo. Kufunga mfumo uliokwisha sakinishwa bila kuuondoa kunawezekana, lakini kwa umeme wetu huu mimi simshauri mtu.

Kwa diski ya pili au ya nje, hizi hapa amri. Kwanza `lsblk`, uitambue diski kwa ukubwa wake. Hapa nachukulia ni `/dev/sdb1`. Ukikosea herufi moja hapa umefuta diski nyingine, basi soma mara mbili, na chomoa kila flashi isiyohusika.

`sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 -c aes-xts-plain64 -s 512 /dev/sdb1`

Itakutaka uandike YES kwa herufi kubwa. Namba 512 isikutishe: mtindo wa XTS hutumia funguo mbili, kwa hiyo hiyo ni AES ya biti 256.

`sudo cryptsetup open /dev/sdb1 hazina`

`sudo mkfs.ext4 /dev/mapper/hazina`

`sudo mount /dev/mapper/hazina /mnt`

Kisha hakikisha: `sudo cryptsetup status hazina`. Mstari wa cipher usomeke `aes-xts-plain64`. Nakili faili kubwa, video ya GB 2 au 3, uone kasi. Iwe karibu na kasi ya diski ilivyokuwa kabla.

Kwenye SSD ya haraka ambayo bado inajikokota, kiini cha Linux tangu 5.9 kinaruhusu kazi ya usimbaji ifanyike papo hapo bila kupangwa foleni:

`sudo cryptsetup --perf-no_read_workqueue --perf-no_write_workqueue --persistent refresh hazina`

Kwenye diski ya sahani usijisumbue nayo.

## Hatua ya 7: Ufunguo wa akiba

Prosesa itakusaidia kufunga. Kufungua ukiwa umesahau, haitakusaidia, na hakuna fundi Michenzani wala Dubai atakayeweza. Anayekuahidi hivyo anataka pesa zako.

Windows: `manage-bde -protectors -get C:` itaonyesha ufunguo wa tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Uandike kwenye karatasi kwa mkono, pamoja na namba ya utambulisho iliyo juu yake. Karatasi moja ikae kwa mtu unayemwamini, nyumba nyingine. Ofisi yenye tawi Unguja na Pemba iweke nakala upande wa pili wa bahari. Kama mashine ilisimikwa kwa akaunti ya mtu mwingine, ondoa kilinzi cha zamani kwa `-delete C: -Type RecoveryPassword`, ongeza kipya kwa `-add C: -RecoveryPassword`, ndipo uandike.

Linux: diski ya LUKS2 (mtindo wa kufunga tuliotumia hatua ya 6) ina kichwa cha MiB 16 mwanzoni, na ndani yake ndimo zinamokaa funguo. Kichwa kikiharibika, nywila sahihi haifungui kitu. Chukua nakala:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa-hazina.img`

Iweke kwenye flashi ndogo. Ongeza pia nywila ya pili kwa `luksAddKey`, ndefu, ikae kwenye karatasi. Tahadhari: nakala ya kichwa hubeba nywila za siku ile. Ukibadilisha nywila kwa sababu ya kwanza imevuja, nakala ya zamani bado inafunguka kwa nywila ya zamani. Iharibu, chukua mpya.

Kwenye BitLocker, kabla ya kusasisha BIOS daima andika `manage-bde -protectors -disable C:`, na baada ya kumaliza `-enable`. Wengi wanaodaiwa tarakimu 48 ghafla, sababu ni hii.

## Hatua ya 8: Jaribio

Zima kabisa. Washa. Andika nywila. Ikikubali, zima tena, na safari hii jaribu ule ufunguo wa akiba: kwenye Windows yenye PIN, bonyeza Esc kwenye skrini ya PIN uandike tarakimu zote 48 kutoka kwenye karatasi. Hapo ndipo unagundua kama ile 1 yako inafanana na 7. Kwenye Linux fungua diski kwa nywila ya pili.

Baada ya hapo ichomoe diski, au tumia flashi ya Ubuntu, uitazame kutoka nje. Mafaili yasionekane, na mfumo udai nywila. Ukiona jina la faili lolote lako, kazi haijaisha.

Kisha ujizoeze jambo hili: kabla ya kupanda boti, zima mashine. Kufunika kifuniko tu huilaza, na mashine iliyolala bado imeshika ufunguo kwenye RAM.

## Mashine zisizo na AES kabisa

Core 2 Duo na i3 za zamani bado zinaweza kufungwa. Kwa hizi kuna Adiantum, iliyobuniwa na Google kwa ajili ya simu zisizo na maagizo ya AES, na imo ndani ya Linux tangu 5.0. Raspberry Pi 4, ambayo prosesa yake haina maagizo hayo, inafaidika nayo pia, wakati Pi 5 inayo AES na haihitaji.

`sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 -c xchacha12,aes-adiantum-plain64 -s 256 --sector-size 4096 /dev/sdb1`

Pima kwanza kwa `cryptsetup benchmark -c xchacha12,aes-adiantum -s 256` ulinganishe na `aes-xts`. Iliyo juu ndiyo yako.

Simu usiisumbukie: zilizotoka na Android 10 na kuendelea zimesimbwa tangu kiwandani, na zile dhaifu hutumia Adiantum hiyohiyo. Kazi yako ni kuweka PIN ya tarakimu sita au zaidi.

## Ikikwama

Nywila inakataliwa ukiwasha ila inakubaliwa ukifungua diski ukiwa ndani ya Ubuntu ya flashi: ni kibodi, rudi hatua ya 4.

Usimbaji wa BitLocker umeganda asilimia moja kwa muda mrefu: angalia afya ya diski kabla ya kulaumu programu. Diski yenye sehemu zilizooza husimama hapohapo kila mara.

Kasi ilikuwa nzuri, ikashuka baada ya kusasisha BIOS: mipangilio imerudi ya kiwandani na AES-NI imezimwa. Hatua ya 2, dakika mbili, imekwisha.

LUKS inachukua sekunde nyingi kufungua kwenye mashine dhaifu, lakini ikishafunguka inakwenda vizuri: hilo si kosa. Ni Argon2id, hesabu inayomchelewesha anayebahatisha nywila, na kiwango chake kilipimwa kwenye mashine iliyoifunga diski. Ulifunga kwenye kompyuta yenye nguvu ukahamishia diski kwenye dhaifu? Ongeza nywila ukiwa kwenye ile dhaifu kwa `luksAddKey`, kisha uifute ya kwanza kwa `luksRemoveKey`, na uchukue nakala mpya ya kichwa.